Pipa la Kliniki

Juma lililopita nilimsindikiza mke wangu kliniki ya wajawazito, hapa Thika karibu na viwanda. Tulimkuta mtafiti kutoka Nairobi, koti jeupe kama la harusi, fomu mapajani. Aliwaeleza akina mama kwamba wakijifungua atachukua damu kidogo ya kitovu, aone kama sumu ya dawa za mashambani humfikia mtoto tumboni. Sumu hiyo, alisema, haitoki mwilini upesi. Sista, muuguzi wa zamu, akatugawia sote maji ya kunywa, na akina mama wakapewa pia tembe zao.

Mtafiti akamgeukia mama mmoja kutoka Theta, kwenye mashamba ya kahawa.

"Mama, nyumbani mnaweka maji kwa chombo kilichokuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa?"

"Ai, daktari! Si tulikatazwa? Pipa yangu niliitoa zamani."

"Vizuri sana. Uliitupa wapi?"

"Nitupe pipa nzima? Nililetea hawa wa kliniki."

Akaelekeza kidevu pembeni, kwenye pipa la buluu lenye bomba, lile sista alilotukingia maji. Kweli, upande uliogeuziwa ukuta ulikuwa na picha ya fuvu, nusu imekwanguliwa.

"Tuliosha na majivu mara tatu," sista akasema, bila kuulizwa.

Mtafiti akarudi kwenye fomu, akaweka alama kwenye "Hapana". Msimlaumu, wasomaji. Swali lilikuwa la nyumbani, na nyumbani kwa yule mama ni safi kabisa.

Halafu akanyoosha mkono dirishani, akamwaga maji ya kikombe chake taratibu. Mke wangu alikuwa ameshamaliza yake.