Matokeo ya Mtoto wa Watu

Fundi makochi wa mtaani kwetu tulimwita Sponji, na mwenyewe aliitika. Ukimtazama usingejua jina limetokea wapi, maana alikuwa mkavu kama fremu ambayo haijavalishwa. Unene wote aliwawekea wateja kwenye viti. Misumari midogo aliipanga mdomoni tangu asubuhi, ndiyo maana hakuwa mwongeaji. Ukimsalimu alikujibu kwa nyusi.

Karakana yake ilipakana ukuta na kibanda changu cha fotokopi. Mle ndani makochi ya watu yalibanana hadi mlangoni, ya watatu, ya wawili, ya kona, na mwenyewe alikula chakula chake cha mchana amekaa juu ya ndoo ya gundi. Niliwahi kumuuliza kwa nini asijinyooshe kwenye kochi moja akala kama binadamu. Akasema yana wenyewe. Chumba alichopanga nyuma ya karakana kilikuwa na kitanda na kiti kimoja cha plastiki, na hicho kimoja kilikuwa kinamtosha na kubaki. Mke alishaondoka zamani. Hawakugombana, aliondoka tu, kama abiria aliyefika anapokwenda. Mtoto hawakujaliwa. Simu ya Sponji iliita kwa mambo mawili: mteja anauliza kama kochi limeisha, au mteja yuleyule anauliza kwa nini halijaisha.

Ikatokea simu ikaibiwa, akanunua nyingine na laini mpya. Mpya kwa maneno tu. Kampuni za simu zikiona namba imekaa kimya muda mrefu huwa zinaifua, zinaipiga pasi na kuirudisha sokoni. Sponji hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba kabla hajawapa hata wateja wake ile namba, iliingia meseji: “Mzazi, mwanao amepata alama 31 katika Upimaji wa Mwezi. Yuko chini ya kiwango.” Chini yake kulikuwa na jina la shule, darasa, na jina la mtoto wa kike, majina yote matatu. Siyaandiki hapa. Yalishatembea vya kutosha.

Alikuja nayo kibandani nimsaidie kujibu, kwa kuwa mimi nilisoma chuo, ingawa chuo na mimi tuliachana katikati ya safari. Tukaandika: “Mmekosea namba, mimi sina mtoto.” Hapohapo jibu likarudi: “Asante, mzazi, kwa kushirikiana nasi.”

Wakati huo shule zote za serikali zilikuwa zimeingizwa kwenye mfumo mmoja. Kila mwisho wa mwezi watoto wote walipewa karatasi ileile, wakapaka penseli kwenye viduara, mashine ikasoma, na mtoto kabla hajavua viatu nyumbani, matokeo yalishafika kwenye simu ya mzazi. Wala hayakuja matokeo peke yake. Mfumo ulisema mtoto amechelewa au amewahi, ana uzito gani, anaishi na nani, anatoka saa ngapi. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanajua kupaka viduara kuliko kusoma. Wakubwa wakajibu kwamba malalamiko yamepokelewa, yaani yamewekwa mahali ambapo hayatamsumbua mtu.

Sponji alijaribu kujibu mara nyingine mbili tatu, akashukuriwa kwa kushirikiana, akaacha. Halafu akaanza kuzisoma.

Nilimwona akibadilika. Meseji ikiingia alitema misumari yote kwenye kiganja, akafuta mikono kwenye suruali, akasoma akiwa amesimama. Siku moja aliniita kunionyesha kwamba hisabati imepanda. Imepanda kutoka shimoni hadi mlangoni pa shimo, lakini imepanda. Siku nyingine alipokea kwamba mtoto amepimwa macho, jicho la kushoto halioni vizuri, akapiga nyundo kidole chake mchana ule. Mteja akimkuta anatabasamu peke yake na kumuuliza kulikoni, alisema binti kaongeza Kiswahili. Mteja akampa hongera, akauliza ana wangapi. “Ni huyo huyo,” Sponji akasema, akarudisha misumari mdomoni kabla ya swali la pili.

Mimi nilimtania sana. Nilimwita mzazi wa mtandao, nikamuuliza lini anampeleka mtoto kliniki. Alicheka kidogo, cheko la puani. Lakini shule yenyewe haikuwa mbali, ilikuwa njiani kabisa kuelekea kwa muuza sponji, na tangu zile meseji zianze aliacha kupita pale. Alizungukia barabara ya juu, na gurudumu la mkokoteni wake lilikuwa bovu. Nilimwambia anajitesa. Akasema, “Nikipita pale nitaanza kukisia ni yupi. Mtoto wa watu hakisiwi.”

Mwaka ukasogea hivyo. Kisha ikaja meseji ndefu kuliko zote. Ilisema mwanafunzi amebaki chini ya kiwango upimaji baada ya upimaji, na mzazi ameitwa mara kadhaa bila kufika, ingawa Sponji hakuwahi kupokea hata mwito mmoja. Kikao cha mwisho ni Ijumaa. Asipofika, mtoto ataondolewa darasani kwake na kupelekwa mkondo wa marudio, na mzazi ataandikwa kuwa hatoi ushirikiano.

Sponji alikaa kwenye ndoo yake akaishika ile simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga. Mimi nilimwambia anyamaze, si mwanawe, tena akienda wataanza kumuuliza maswali. Alichoona yeye ni kwamba kuna mama mahali fulani hajui chochote, na mtoto anashushwa darasa kwa kosa la laini ya simu, na laini yenyewe iko mfukoni mwake. Aliona pia, ingawa hakulisema, kwamba akienda kusahihisha, meseji hazitakuja tena.

Akaenda, nami nikamsindikiza. Karani wa shule alikuwa dada mmoja mwenye kucha ndefu, anabonyeza kompyuta kama anayemdonoa mtu macho. Akamuuliza Sponji ni nani wa mwanafunzi. Sponji akasema si mtu wake. Karani akasema basi hawezi kumsaidia, taarifa za mwanafunzi ni siri. Sponji akamwonyesha simu, meseji zote, uzito, macho na kila kitu. Dada akatazama simu, akatazama kompyuta, akasema namba hiyo ni ya mama wa mtoto.

“Ni yangu,” Sponji akasema.

“Mfumo unasema ya mama yake, baba. Sasa nimwamini nani?”

Akaomba angalau apewe namba sahihi ya mama. Siri. Akaomba wao wampigie. Dada akasema namba waliyonayo ndiyo hiyo, na ili kumwonyesha kwamba hafanyi uzembe, akaipiga. Simu ikaita mkononi mwa Sponji. Wakatazamana. Hatimaye dada akashauri afike kikaoni Ijumaa, kama mzazi.

Ijumaa alivaa shati lililokunjwa siku nyingi, nikamsindikiza tena. Mistari ya mikunjo ilionekana kifuani kama madirisha. Kikao kilikuwa ndani ya darasa, wazazi nami tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Wote walioitwa walikuwa wa watoto walio chini ya kiwango, na wengi walikuwa na hasira za kwao. Baba mmoja dereva alisema mwanawe analala na penseli, akiulizwa kitu anajibu “B.” Mama muuza mboga akasema siku matokeo yalipotoka alipigiwa na mtu wa masomo ya ziada, anamtaja mtoto kwa jina na somo alilofeli, kabla yeye mwenyewe hajafungua meseji. Akauliza mtu yule kapata wapi habari za ndani kwake. Mwalimu mkuu, mtu wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, akasema awatoe hofu, taarifa ziko salama.

Akaanza kuita majina. Mzazi anaitika, anaweka sahihi, anaelezwa, mtoto anabaki. Likafika lile jina la majina matatu. Kimya. Mwalimu mkuu akarudia. Kimya. Akainamisha kalamu.

“Nipo,” Sponji akasema, akasimama, dawati likasimama naye.

Mwalimu mkuu akamwangalia kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. “Karibu sana, baba. Tulishakukatia tamaa. Wewe ndiye baba yake?”

Mimi nilikuwa nyuma yake, niliona shingo yake. Neno moja tu lilitakiwa. Angesema ndiyo, angeweka sahihi, mtoto angebaki darasani, na meseji zingeendelea kuja mwisho wa kila mwezi mpaka mtoto amalize shule. Hapakuwa na mtu wa kumpinga. Mfumo wenyewe ungemtolea ushahidi. Alikaa muda na hilo neno mdomoni, kama misumari yake.

“Hapana,” akasema. “Mimi nina namba tu. Mama yake hajawahi kupata hata meseji moja. Zote nimezisoma mimi.”

Darasa zima likageuka. Muuza mboga akavuta mkoba wake karibu, sijui kwa nini, nadhani hata yeye hakujua.

Mwalimu wa darasa alikuwa mwepesi kuliko mkuu wake. Akatoka, akarudi na mtoto, akamwambia ataje namba ya mama anayotumia sasa. Msichana alisimama mlangoni, soksi moja juu, moja chini. Aliitaja bila kusita, namba nzima, kwa wimbo, yule mtoto aliye chini ya kiwango. Kisha akaona watu wazima wanamtazama Sponji, naye akamtazama, akigeuza kichwa kidogo ili atumie jicho la kulia.

“Shikamoo.”

“Marahaba,” Sponji akasema. Mtoto akarudishwa darasani.

Mama alipigiwa, akafika akihema, bado kavaa aproni ya dobi. Alikuwa anapiga pasi mashuka ya hoteli si mbali na pale. Alieleza kwamba laini yake ya zamani ilikufa alipokaa muda mrefu bila simu, akaja shuleni kutoa namba mpya, akaambiwa imeandikwa. Kumbe iliandikwa kwenye kikaratasi, kwa kuwa mfumo ulikuwa umefungwa. Aliposikia ameandikwa kwamba hatoi ushirikiano, akacheka, kwa namna ambayo ilimfanya mwalimu mkuu arudi nyuma hatua. Akachukua simu ya Sponji, akaanza kusoma toka juu. Hakuna aliyemharakisha. Alisoma habari za mwanawe za mwaka mzima, amesimama, kwenye simu ya mwanaume asiyemjua.

“Jicho,” akasema. Akainua uso kwa Sponji. “Wewe unajua mwanangu haoni jicho moja. Mimi sijui.”

Sponji akasema ndiyo.

“Na unajua anatoka saa ngapi.”

“Najua.”

“Ulimwambia nani mwingine?”

Hapo ningependa kuandika kwamba alijitetea. Hakujitetea. Alisema amenionyesha mimi, na wateja amewaambia alama za mtoto, zile nzuri. Akasema hakuwahi kupita barabara ya shule. Mama akamtazama kama mtu anayepima kama aamini au asiamini, na nadhani alipata majibu mawili kwa pamoja, maana mkono uliokuwa umekunja ngumi juu ya aproni ulifunguka nusu, ukabaki hivyo.

Akamgeukia mwalimu mkuu, akataka mambo matatu kwa pumzi moja: mtoto abaki darasani, akae dawati la mbele, na namba ibadilishwe leo. Mawili ya kwanza akapewa hapohapo. La tatu, mwalimu mkuu akaanza kueleza kwamba namba hubadilishwa makao makuu, mwaka mpya ukianza, mpaka wakati huo meseji zitaendelea kwenda kwenye namba ile ile.

Sponji alikuwa ameshaifungua simu kwa ukucha. Akatoa laini, akamwekea mama kiganjani.

“Ilikuwa yako tangu mwanzo,” akasema.

Mama akaikunjia mkono. Akasema asante, asante ya kawaida, kama ya dukani, akaenda kuweka sahihi.

Sponji akanunua laini nyingine. Sasa hebu fikiria, namba ya zamani ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye mlango wa karakana na kwenye kila risiti, hivyo wateja waliendelea kuipiga, na aliyepokea ni dobi katikati ya mashuka. Alivumilia siku kadhaa. Akapata namba mpya ya Sponji kwa kuuliza uliza mtaani, akampigia. Nilikuwepo. Sponji alipojua ni nani alitema misumari yote chini, hata kiganja hakukitega.

Mama alisema kuna mtu anaulizia kochi lake la kona, amechoka kungoja. Sponji akasema amesikia, litakuwa tayari. Simu haikukatwa upande wowote. Mwisho wa mwezi ulikuwa umepita juzi yake. Karatasi zilishasomwa, matokeo yalishatoka. Nilimfanyia ishara: uliza. Alinigeuzia mgongo.

“Haya, mama,” akasema. “Kazi njema.”

Upande wa pili ukajibu haya, simu ikakatwa. Sponji akapiga magoti, akaanza kuokota misumari sakafuni, mmoja mmoja, chini ya makochi ya watu.