Ngozi Isiyoota Moto

Walburga hakumwamini mwalimu anayefundisha bila kununa. Abdulhamid alipokubali papo hapo kumfundisha dramu, tena kwa tabasamu, Walburga alinifuata akaninong'oneza, "Bartolomeo, huyu mtu ana lake jambo."

Mimi nilikuwa mpiga besi katika bendi ya baa ya Saimon, hapa Songea, upande wa kwenda Ruhuwiko. Walburga alikuwa mpishi wa baa hiyohiyo, mjane mrefu, mwepesi wa mkono na mzito wa kuamini. Ukimpa chumvi ataionja kwanza aone kama kweli ni chumvi. Nilizoea kumtania kwamba hata Baba Yetu anaisali jicho moja likiwa wazi, naye hakuwahi kucheka.

Lakini sababu alikuwa nayo. Kabla ya kuhamia mjini alipiga ngoma katika kwaya ya kigango kimoja upande wa Peramiho, na watu walisema bila ngoma yake Misa haijaanza. Ndipo zikaja enzi za ruksa, maduka yakajaa vitu vya Dubai, na kwaya ikachanga ikanunua kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Unabonyeza kitufe, ngoma inalia yenyewe. Walburga akaambiwa, asante sana, mama, sasa pumzika. Hakugombana na mtu. Alifunga mizigo yake akaondoka, na tangu siku hiyo alikichukia kinanda kama mke mwenza.

Basi mwaka ule vito vilipoanza kutajwa Tunduru, Abdulhamid, mpiga dramu wetu, akatangaza kwamba anarudi kwao huko kufuata vito kama wengine. Saimon, mwenye baa, akasema mbele yetu sote kwamba akipatikana mtu wa kukaa kwenye kiti cha dramu, vema, asipopatikana atanunua kinanda. Walburga alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini na kusema, "Nitakaa mimi."

Bendi zetu za zamani nyingi zilijiita Jazz, hata zile ambazo hazikujua jazz ni kitu gani. Abdulhamid alikijua. Aliwahi kupiga kwenye hoteli moja Dar es Salaam, na kila Jumapili alasiri, kabla ya dansi, Saimon alituruhusu tupige jazz yenyewe, ya taratibu, isiyo na mwimbaji, kwa ajili ya wazee wa mjini waliotaka kunywa bia yao wakisikilizana. Hiyo ndiyo Walburga angejaribiwa nayo.

Mafunzo yalikuwa mchana, baa ikiwa tupu. Abdulhamid alimkalisha kwenye kigoda, akampa kijiti kimoja, akamwonyesha toazi kubwa la upande wa kulia, ile sahani ya shaba.

"Tin, tin-ki-tin, tin-ki-tin," alimwimbia. "Usilipige, dada Walburga. Liangushie kijiti, kitarudi chenyewe."

"Na ngoma?"

"Ngoma baadaye. Jazz inakaa kwenye toazi."

Wiki kadhaa zikaisha kwa toazi tupu. Kisha akaongezewa mguu wa kushoto, kwenye pedeli inayogonganisha matoazi mawili madogo. Hesabu moja mpaka nne, yagongane kwenye mbili na kwenye nne, Abdulhamid alisema, na Walburga mguu wake ulikuwa unataka kushuka kwenye moja, kama mtu anayetwanga. Ilimtoa jasho. Mguu wa kulia ukapewa dramu kubwa, ila aiguse polepole kiasi cha kusikika kwake na kwangu tu mwenye besi. Ile dramu ndogo yenye nyaya chini, ambayo ndiyo aliyoitamani, aliruhusiwa kuigusa mara mojamoja, kama mtu anayeitikia mazungumzo ya mwenzake.

"Ngoma ya kwetu inaongoza wachezaji," aliniambia jikoni. "Hii yake ya kunong'ona. Ananifundisha nisisikike, ili siku hiyo nisisikike."

Nilimwambia ndivyo jazz ilivyo. Akaniuliza nimejuaje. Kusema kweli aliniudhi.

Siku chache kabla ya majaribio aliingia stoo kuchukua unga, akawakuta Abdulhamid na Saimon wameinamia boksi refu. Saimon akalitupia gunia na kumuuliza maharage yanaendeleaje. Saimon hakuwahi kuulizia maharage tangu baa ifunguliwe.

"Ni kinanda," Walburga aliniambia. "Urefu wake naujua. Wameshakubaliana, mimi nafundishwa vibaya ili nionekane nimeshindwa."

Nilimwambia asiwe na haraka, lakini na mimi niliingiwa na wasiwasi. Mpiga besi anasikilizana na mtu wa dramu. Kitufe hakimsikilizi mtu.

Jumapili ilianza na mvua. Walburga alifika kabla yetu, akaigonga dramu ndogo kwa kidole, akaisikia imelegea. Jana yake ilikuwa imekazwa. Ufunguo wa kukazia ulikaa mfukoni mwa Abdulhamid siku zote, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza nani. Haya aliniambia mwenyewe baadaye. Kule kigangoni ngoma ikilegea dawa yake ilikuwa moja tu, kuiotesha moto. Akaichomoa kwenye stendi, akaipeleka kwenye jiko la nyama, akaielekeza uso kwenye mkaa na kuizungusha taratibu, akiigonga kusikia kama inapanda, kama alivyofanya na ngozi za ng'ombe maisha yake yote.

Nilipoingia na gitaa langu nilikutana na harufu ya ndoo iliyoungua. Ngozi ilikuwa imejikunja na kutoboka, tundu la kupitisha sahani. Walburga amesimama na dramu mikononi, uso umekauka.

Abdulhamid akaingia nyuma yangu, mwavuli unachuruzika.

"Umeilegeza wewe," Walburga alimwambia, hata salamu hakuna.

"Mimi, jana usiku nilipoona mawingu. Siku ya mvua wazee wanasogea ndani, wanakaa karibu. Nilishusha sauti ikusaidie."

"Na boksi la stoo? Nalo la kunisaidia?"

Abdulhamid aliitazama dramu, akalitazama jiko. "Hii ni plastiki, dada yangu. Haioti moto." Kisha akasema, "La boksi tutaongea ukimaliza. Panda ukae. Toazi lipo, na miguu unayo."

Ngozi nyingine hatukuwa nayo, na Saimon alikuwa ameshakaa na wazee wake. Walburga akapanda akiwa amevimba kwa hasira. Akaangusha kijiti kwenye toazi. Tin, tin-ki-tin. Mguu wa kushoto ukajibu kwenye mbili na kwenye nne, bila kukosea. Dramu kubwa niliisikia kwenye nyayo zangu zaidi ya masikioni. Nikaweka besi yangu juu yake, nikaona sina kazi ya kumvuta wala kumsubiri. Hakutazama mtu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pajani, hauna pa kugonga, na muziki ukaenda mpaka mwisho wazee wakiwa wamenyamaza na bia zao.

Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Saimon akaja akasema kiti kimepata mwenyewe. Alikuwa ameshageuka kuondoka ndipo akauliza, "Hivi ile dramu ndogo iko wapi?"

Walburga alimgeukia Abdulhamid. "Boksi."

Wakaenda stoo, nami nikafuata. Kilikuwa kinanda kweli.

"Ni changu," Abdulhamid alisema. "Saimon ananitunzia. Vito sivifuati. Goti langu la kushoto limekwisha, pedeli siiwezi tena. Kuna baa Tunduru imeniita, nitakaa na hiki, nacho kina ngoma zake ndani."

"Mbona ulinificha?"

"Ningekuambia, ungekubali nikufundishe?"

Abdulhamid akatoa ufunguo wa kukazia mfukoni, akamwekea Walburga kiganjani.

"Huko Tunduru," Walburga akamuuliza, "kwenye dramu amekaa nani sasa?"

Abdulhamid alianza kulifunga boksi. "Yupo mtu."

"Hana jina?"

"Bakili."

Walburga akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Hakumshukuru wala hakumlaani. Alirudi jikoni, akaichukua dramu ndogo, akaanza kuisugua masizi.