Futi ya Mheshimiwa na Ngazi Tisa

Saa mbili asubuhi, saa nzima kabla ya kikao cha baraza, Mheshimiwa diwani ameinama kwenye kiti chake cha magurudumu, anapima mteremko mpya wa saruji kando ya ngazi. Mkononi ana futi ileile anayopimia viuno vya wateja wake. Fundi mwashi amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Ngazi zina kimo gani, fundi?"

"Sentimita mia moja thelathini na tano, Mheshimiwa."

"Na huu mteremko wako una urefu gani?"

"Mita nne."

"Ulitakiwa uwe kumi na sita. Hapa umejengea mbuzi, baba."

Fundi anacheka huku akijikuna kichwa. Anasema aliambiwa asile nafasi ya kuegesha gari la Mwenyekiti.

Majirani wanamwita Mama Futi. Ana miaka arobaini na sita, ni fundi cherehani, na polio ilimpata akiwa na miaka minne.

"Mama alinibeba mgongoni mpaka darasa la tano," anasema. "Yeye alikuwa na ruhusa. Wengine wote waniombe kwanza."

Kilichomwingiza kwenye siasa ni kiatu. Siku moja ya uchaguzi, chumba cha kupigia kura kilikuwa ghorofani. Vijana wawili wakamnyanyua juujuu bila hata salamu, kiatu kikadondoka, wala hakuna aliyerudi kukiokota.

"Nilipiga kura na kiatu kimoja na hasira mbili," anasema, na kucheka mpaka mabega yanatikisika.

Tangu hapo alizunguka na futi yake kwenye vituo thelathini na kimoja vya kura. Ishirini na viwili hakuweza kuingia. Aliandika barua miaka minane, akachoka kujibiwa "tunalifanyia kazi", akagombea mwenyewe. Akashinda.

Kumbe ukumbi wa baraza nao uko juu ya ngazi tisa! Alikataa kubebwa. Vikao vitatu amevifuata akiwa nje chini ya dirisha, akiinua mkono kuelekea nondo, na katibu hakuuhesabu: aliye nje si mjumbe. Na leo hoja ni yake, kwamba vituo vyote vya kura vihamishiwe vyumba visivyo na ngazi. Kwa hesabu yake, ukimwacha yeye, wanaounga mkono ni kumi na watatu, na wanaopinga ni kumi na watatu. Bila mkono wake, hoja imekufa.

Mwenyekiti anawasili, mtu wa miraba minne na mwenye haraka. Anautazama mteremko.

"Lakini Mama, si unapitika huu?"

"Basi panda wewe, Mheshimiwa."

Kufumba na kufumbua Mama Futi amejihamishia kwenye benchi kwa nguvu za mikono yake, na kiti kinamsubiri Mwenyekiti. Madiwani wamekwisha kusanyika, atakataaje? Anakaa. Anasukuma magurudumu mara ya kwanza, anapanda kidogo. Mara ya pili kiti kinaanza kurudi kinyumenyume.

"Fundi! Fundi, nishike!"

Fundi anamdaka. Uwanja mzima unaangua kicheko, Mwenyekiti naye anacheka mpaka anafuta machozi. Kisha anaziangalia zile ngazi.

"Mama, tumekufungia nje muda wote huu," anasema. "Toeni viti. Kikao ni hapa uwanjani. Na fundi, jenga upya, hata ukimaliza maegesho yangu yote."

Saa tano wanapiga kura. Katibu anapita akihesabu mikono, anafika kwa mwanamke mwenye futi shingoni.

"Kumi na nne," anatamka.

Mama Futi alikuwa ameapa hatalia. Analia hadharani, huku anacheka.

Baadaye, akikunja futi yake, anaulizwa kama sasa anautaka ubunge. Anatikisa kichwa.

"Ninachotaka ni kuchelewa kikao siku moja, kama wenzangu," anasema. "Niingie, nitafute nafasi, nikae. Na mtu hata mmoja asigeuke kuniangalia."