Hukumu ya Shamba la Wagonjwa

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kijiji chetu upande wa Mzenga kilipitisha kwamba kila nyumba ilime sehemu yake katika shamba la wagonjwa. Muhogo wake uliwalisha wagonjwa na wale waliowabeba kwa kitanda cha kamba hadi barabara ya gari. Asiyelima, kamati ilisema, mgonjwa wa nyumba yake habebwi.

Mjomba wangu, aliyenisomesha Kurani, alikataa. Hakuwa mvivu wala bahili; alikuwa akiwapelekea wagonjwa chakula tangu kamati haijaundwa. Alichokataa ni kulazimishwa. Mkewe alikuwa mjamzito, na uzazi uliotangulia nusura umuue, lakini hata alipomsihi, mjomba hakulegea. Kamati ikampeleka mahakama ya mwanzo.

Nilikwenda kusikiliza. Hakimu alikuwa kijana wa bara, Mkristo, ameketi na wazee wa baraza. Mjomba alieleza kwa utulivu kwamba sheria ya nchi haiwezi kumwamuru mtu kutenda wema, maana wema wa kuamriwa hauna thawabu.

"Sadaka haitolewi kwa kiboko," akamaliza.

"Kweli, mzee wangu," hakimu akasema. "Na zaka je? Nayo si amri, na thawabu inayo?"

Mjomba, aliyezoea kujibu kila swali la dini, akaketi. 

Hukumu ikatoka: kijiji kina haki ya kumtaka kila mwenye nguvu alime, kwa kuwa maradhi hayachagui nyumba, lakini hakina haki ya kumwacha mgonjwa kwa kosa la mtu yeyote. Kamati ilinuna, na mjomba akanuna vilevile.

Uchungu ulimshika mkewe kabla mjomba hajalima hata tuta moja. Nilimkuta mjomba amesimama mlangoni, anaona haya kuita watu. Hawakungoja kuitwa. Mwenyekiti wa kamati mwenyewe alishika kitanda upande wa kichwani.

"Mwalimu, leo tunabeba kwa zaka au kwa sadaka?" akamuuliza mjomba.

"Bebeni kwanza," mjomba akajibu. "Nia tutaitia njiani."

Tukabeba, tukipokezana mabega bila kukitua kitanda, na Mwenyezi Mungu akatujalia tukafika. Mama na mtoto walirudi salama kutoka hospitali.

Tangu hapo mjomba alilima sehemu yake kila msimu. Kabla ya kupiga jembe la kwanza alisimama kidogo, midomo ikicheza, akitia nia. Ndipo alipoinama.