Siku Niliyokataa Kwenda Kuuliza Kambini

Wajukuu zangu wananiambia siku hizi wanalipa mtu wa kuwafundisha kutuliza mawazo. Walipe. Mimi nilifundishwa sokoni Nakawa, mikono kwenye unga wa chapati, enzi za utawala wa wanajeshi, na aliyenifundisha hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Niliishia darasa la pili, kama mnataka kujua.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la serikali. Akichelewa kidogo tu, kichwa changu kimeshamzika. Namwona kwenye buti ya gari, namwona ametupwa msituni, huku naunguza chapati za watu. Nilichukia. Wenye bunduki wako mbali huko, na mimi nimekaa nawafanyia kazi yao ya kunitesa, bure.

Jioni moja mteja akasema, akitafuna, "Kule stendi askari wamebeba madereva." Nikavua aproni niende kambini kwa wanajeshi kuuliza.

Jirani yangu wa meza, mama Mkongomani muuza samaki wakavu, akanikamata leso.

"Unaenda wapi, mama?"

"Wamemchukua mume wangu!"

"Umemwona?"

"Si wamebeba madereva?"

"Nakuuliza wewe umeona nini. Usinipe maneno ya mtu mwenye chapati mdomoni."

"Sijaona."

"Haya. Mwanamume huchelewa kwa nini?"

Nilitaka kumpiga. Nikafoka, "Petroli imekwisha. Mkubwa wake amemtuma mbali. Au yuko Kabalagala analewa, mshenzi yule!"

"Ee! Shika hiyo ya ulevi. Mkasirikie hapo hapo, ukae."

Halafu akanikumbusha kwa sauti ya chini yule mwanamke wa Kyebando. Alikwenda getini kumuulizia mumewe, kumbe mume yuko kwa dada yake, mzima. Askari wakataka kujua mke anaogopa nini, na mume amefanya nini. Wakamfuata yule mume huko kwa dada yake. Hakuonekana tena.

Hofu yangu ingeweza kumuua mtu aliye hai.

Nikavaa aproni. Kila wazo lililokuja nililikemea: umeona nini wewe? Shahidi wako nani? Msidanganywe kwamba lilinyamaza. Lilipiga kelele, nami nikasukuma chapati. Na kwa majirani wengine wazo hilo hilo lilikuwa linasema kweli, ndiyo maana nina hasira mpaka leo. Asiniambie mtu kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa kichwa changu. Waliouweka humo walivaa sare. Ila miguu ilikuwa yangu, na niliizuia.

Jua likielekea kuzama akaja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Petroli ilimwishia njiani.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Kaa ule."

"Kuna mtu ameniulizia?"

"Hakuna. Wala mimi sijakuulizia kwa mtu."

Akashusha pumzi, akavuta sahani. Nikamtukana mpaka akamaliza kula, yeye na lori lake. Serikali niliitukana kimoyomoyo, maana wateja walikuwa bado wamekaa.