Arusi ya Saa Nne kwenye Diski Moja

Bonny Okullo anachoma diski hapa Wandegeya, kwenye chumba tunachogawana nusu kwa nusu. Mimi, Atoo, nachapa tasnifu za wanafunzi mlangoni. Yeye na kompyuta yake wako ndani, kando ya ukuta. Ni mtoto wa kambi ya polisi, na kazi anaifanya kama askari wa zamu: halalamiki, wala haulizi. Miaka kumi na tisa sasa. Siku hizi akipata wateja watatu kwa wiki anashukuru, na mmoja wao atakuwa ameingia kuuliza choo kiko wapi. Amechoka, na uchovu wake umeniambukiza mimi.

Kinachomchosha zaidi ni swali moja. Kwenye boksi pameandikwa giga nne nukta saba, mbona faili langu la nne na nusu linakataa kuingia? Bonny anajibu macho yakiwa kwenye kioo. Kiwanda kinahesabu kwa elfu moja, kompyuta inahesabu kwa elfu moja na ishirini na nne, kwa hiyo ile nne nukta saba kompyuta inaiona kama nne na theluthi. Na ikiwa ni video ya kuchezwa kwenye deki, sahau giga za flashi, hesabu dakika. Saa mbili zinakaa vizuri. Ukizilazimisha saa nne, nyuso za watu zinageuka uji.

Sitti, muuza vitambaa wa Bwaise, alileta flashi yenye video ya arusi yake, ndefu ya saa nne. Mama yake, Mama Sumayiya, alipooza upande mmoja, na siku ya arusi alikuwa amelazwa. Nyumbani ana televisheni ya kichogo na deki ya zamani. Sitti humwekea diski asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kutoka hapo hakuna wa kuibadilisha. Kwa hiyo diski iwe moja.

Bonny alifanya anavyofanya siku zote. Arusi ikizidi, anaanza kukata wageni: foleni ya chakula, meza moja baada ya nyingine, wazee wanaotafuna. Nani anataka kuangalia watu wakila? Alibakiza bibi arusi, magauni yake yote, na doluka, ngoma ya Kinubi. Saa mbili kamili. Diski ilikuwa safi, hata mimi niliisifu.

Siku ya tatu Sitti akarudi, akaiweka mezani polepole.

"Kaka Bonny, mama ameniita mwongo."

"Diski inakwama?"

"Hapana, inacheza vizuri. Hajati Mastula hayuko ndani."

Hajati Mastula ni mdogo wake Mama Sumayiya, anakaa Bombo. Dada hao hawajasemezana tangu mazishi ya baba yao, miaka tisa. Kwenye arusi Hajati alikuja bila kutarajiwa, akakaa mpaka mwisho. Sitti alimwambia mama yake, majirani wakamwambia, lakini mgonjwa akashika lake: mmepanga kunidanganya ili nipatane naye kabla sijafa. Nitaamini nikimwona. Basi ameangalia arusi nzima, siku mbili mfululizo, na dada yake hakumwona.

Bonny alijipangusa uso. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, kwa sababu kuuliza swali moja kungemgharimu nini?

"Mimi nilikata wageni," akasema. "Makosa yangu, nyabo. Sasa nitakuchomea ya pili, iko na wageni peke yake."

"Atasema tumeitengeneza juzi."

"Basi naingiza Hajati tu, dakika mbili."

"Atasema mmemchomeka. Wewe hujui mama. Anataka amuone katikati ya watu anaowajua, akiingia, akikaa, akila. Rudisha wageni wote."

"Wote ni saa moja na dakika hamsini! Diski iko na saa mbili. Arusi yenyewe naweka wapi?"

Sitti hakufikiri hata kidogo. "Nikate mimi. Mimi ananiona kila asubuhi nikimwosha."

Bonny akanitazama, mimi nikatazama karatasi zangu. Miaka yote hiyo mabibi arusi wamemlilia warudishiwe gauni moja, waonekane tena wakikata keki. Huyu alivuta kiti, akamwelekeza kwa kidole: toa magauni, toa keki, toa doluka, niachie dakika kumi za ndoa yenyewe. Bonny alikata. Nilisikia akipumua kila alipobonyeza.

Kisha wakafungua sehemu ya wageni kutoka kwenye flashi, kuhakikisha. Nikasogea nami, kazi ya mwanafunzi ikasubiri. Akina mama walipita na sahani zao, Sitti akiwataja mmoja mmoja kwa majina. Dakika ya arobaini na moja akatokea mwanamke mrefu mwenye ushungi wa kijani, akakaa, akala pilau bila haraka. Mpiga picha alipomfikia, hakuficha uso kama wenzake. Aliweka kijiko chini, akasema jambo kwa Kinubi, akitazama kamera moja kwa moja.

"Anasema nini?" Bonny aliuliza.

Sitti alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, machozi yakimtoka.

"Anamwambia mpiga picha, 'Nichukue vizuri, mwanangu. Nichukue na hawa niliokaa nao. Dada yangu hataamini kwamba nimekuja.'"