Ammita Iliyofungwa kwa Taulo

Enzi zetu pale Lodwar stima ilipimwa kwa mshale. Vijana wa leo wamezaliwa wakakuta mita inayojiandikia namba yenyewe, kama karani. Wanaisoma huku simu wameibana begani, hata hawainami. Sisi mkondo wa umeme tuliupima kwa ammita ya mshale, na mshale ule ulitaka heshima kama baba mkwe.

Ammita ilikuwa moja, wanafunzi arobaini. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu wa Bungoma aliyekuja Turkana akiapa atakaa muhula mmoja tu, kisha akazeekea huku, aliifunga kwa taulo lake la kuogea ili vumbi lisiingie. Kabla ya kusoma uligonga kioo mara moja kwa ukucha, ukainama, ukafumba jicho moja, ukautazama mshale kutoka juu kabisa. Ukiutazama kwa upande, kofi. Jasho lilitudondoka puani hadi kwenye kioo, na maabara nzima ilinuka taulo la mwalimu. Msemo wake ulikuwa mmoja: "Andika unachokiona, si unachokitaka." Tuliunakili kwenye majalada ya daftari zetu. Vijana wa leo hawana maadili kama hayo, nawaambia kila siku.

Basi ukaja mtihani wa mwisho wa kidato cha pili. Sehemu ya maabara ndiyo iliyoamua nani aendelee na fizikia na nani ahamishiwe kilimo. Akai, binti wa mchuuzi wa samaki wa Kataboi, aliitaka fizikia kuliko sisi sote. Alisema ataiwashia Kataboi taa nyumba kwa nyumba, nasi tukambandika jina Waziri wa Stima.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Unganisha jiwe moja la tochi na balbu, soma ammita. Ongeza la pili, soma. La tatu, soma. Halafu chora grafu. Tuliingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia aliukuta mshale umekufa. Jioni iliyotangulia kuna mtu aliyeiunganisha ammita moja kwa moja na betri ya gari, bila balbu katikati, akitaka kuuona mshale ukikimbia. Ulikimbia kweli. Ukagonga mwisho wa kipimo, ukapinda, ukarudi kulala kwenye sufuri. Mtu huyo akaifunga ammita vizuri kwa taulo na kwenda zake kula.

Sisi wenye maadili, thelathini na tisa kwa jumla, tuligonga kioo, tukafumba jicho moja, tukaandika sufuri nukta mbili, sufuri nukta nne, sufuri nukta sita. Grafu zetu zilinyooka kuliko barabara ya Lokichar. Akai aliandika sufuri, sufuri, sufuri, na chini yake: mshale hautembei. Grafu yake ililala chini kama ngamia aliyechoka.

Tulipata alama kumi na nane kati ya ishirini. Akai alipata sufuri, akasimamishwa mbele ya darasa na kuulizwa kama wenzake wote ni vipofu. "Mwalimu, niliandika nilichokiona," akasema. Tulicheka mpaka madawati yakayumba. Muhula uliofuata nilikuwa nikimwona dirishani, akimwagilia sukuma wiki ya shule. Siku ile nilicheka kuliko wote, kwa sababu aliyeiunganisha ile betri ya gari ni mimi.

Leo mimi ni fundi wa sola Kakuma. Majuzi nilipeleka betri Kalobeyei, ya friji ya duka, na mwenye duka akawa ni Akai. "Ejok," tukasalimiana. Nikatoa mita yangu ya namba: volti kumi na mbili nukta sita. Betri safi, nikamwambia. Alitoa kabatini mita kuukuu ya mshale, akaiunganisha betri na balbu kubwa ili ifanye kazi kwanza, akagonga kioo kwa ukucha. Mshale ukaanza kushuka.

"Fundi, soma."

Nikainama, nikafumba jicho moja. Nilitamani sana kusoma kumi na mbili.

"Tisa," nikasema.

"Andika."

Nikaandika kwenye karatasi yangu ya dhamana. Kalamu ikiwa bado mkononi, nikamweleza habari ya ile betri ya gari, yote, hadi taulo.

Alifungua nyaya taratibu. "Nilijua," akasema. "Siku ya mtihani vidole vyako vilikuwa na malengelenge ya kuunguzwa na nyaya. Niliyaona. Ila hilo halikuwa swali la mtihani."

Siku hizi ukiichezea mita vibaya, yenyewe inaandika kosa kwenye kioo, na kijana anabonyeza kitufe yakaisha. Enzi zetu ilibidi mtu aseme, na mtu huyo amekaa na maneno yake mpaka mvi zimemwota. Keshoye nilimpelekea Akai betri nyingine. Aliipima hiyo pia, nikiwa nimesimama palepale.